Sehemu ya Nne Ilikuwa Chanika

Mpendwa wifi Tumaini,

Nakuita wifi makusudi. Najua hakuna harusi iliyofungwa. Najua pete uliirudisha kwa mkono wa mshenga, ukapanda basi kurudi kwenu Songea bila kuaga mtaa. Lakini nilianza kukuita hivyo hata kabla kaka yangu Gadi hajazoea kukuita mchumba, na sioni kwa nini nikuvue jina kwa makosa ya mtu mwingine. Namba yako haipatikani. Nadhani uliibadilisha, na ningekuwa wewe ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana naandika barua ya wazi, niiweke kwenye ukurasa wa wasomaji wenzetu, pale tunapopendekezeana riwaya. Nitaiweka kesho baada ya ibada, si kabla. Simwamini mtu.

Wewe unanijua. Mimi ndiye ninayenusa maziwa mbele ya muuzaji, ninayemwambia dereva wa bodaboda avue helmeti kwanza nimwone uso ndipo nipande. Mteja akinisifu sana kabla sijaanza kushona, nachukua malipo yote mkononi. Ulikuwa unanicheka. "Wifi, wewe hata malaika akikutokea utamwomba kitambulisho." Nami nikakujibu kwamba malaika wa kweli hatakasirika akiombwa.

Basi leo nina kitabu cha kupendekeza, na mtu wa kwanza wa kumpendekezea ni wewe, ingawa robo tatu yake ulishaisoma.

Unakumbuka siku Mama Lulu alipokuja nacho kutoka Ubungo? Alikinunua kwa yule kijana anayetandika vitabu chini karibu na ilipokuwa stendi, akakiingiza karakanani kwangu amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tangazo la Tatu. Nakala moja, na sisi wasomaji tukiwa tumejaa hadi mlangoni baada ya mazoezi ya kwaya. Kila mmoja alitaka kuanza yeye. Ndipo Mama Lulu akatoa wazo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa la busara au la wazimu: tukipeleke kwa fundi wa kujalidi, akikate mgongo, tukigawe sehemu nne. Anayemaliza ya kwanza anaiachia, anachukua ya pili, na wengine nyuma yake. Fundi akazishona moja moja na kuzivisha majalada ya karatasi ya mfuko wa saruji. Mama Lulu akaandika juu ya kila moja namba yake, na chini: "Ikionekana irudishwe kwa fundi cherehani, Chang'ombe," pamoja na simu yangu.

Na ile sheria yetu. Hakuna kusimulia ambacho mwenzako hajakifikia. Na sehemu ya nne haiguswi mpaka wote tumalize ya tatu. Wakaniachia mimi niitunze kwa sababu ya tabia yangu hii hii, nikaiweka kwenye rafu juu ya cherehani, chini ya vitambaa vya bitana. Nilimshuku hata yule fundi wa kujalidi kwamba amenyofoa ukurasa. Nilizihesabu kurasa zote mbele yake, akanuna.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona, acha niseme ni kitabu gani, nawe unisahihishe nikikosea. Ni riwaya ya mapenzi ya watu wa kanisani, lakini usiisome ukiwa peke yako nyumbani na mlango umerudishwa tu. Atupele ni nesi katika mji mdogo wa nyanda za juu. Amechumbiwa na Yona, anayeimba besi, mpole, kila mama mkwe angemtaka. Kama ilivyo kwetu, majina yao yanasomwa kanisani Jumapili tatu, na kila mara mchungaji anauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baada ya tangazo la kwanza, Atupele anarudi nyumbani na kukuta dirisha liko wazi. Hakuna kilichoibwa. Ila sare yake ya kwaya, aliyoiacha kitini, imekunjwa vizuri na kuwekwa kitandani. Baada ya tangazo la pili, mtu asiyejitaja anapiga simu hospitali kuuliza Atupele anatoka kazini saa ngapi. Pembeni yuko Silas, fundi umeme, ambaye kila Atupele akiwa na shida yupo karibu kupita kiasi.

Ninachokipenda ni kwamba Atupele anaomba kweli kweli, halafu akisema amina anakwenda kuhakikisha komeo. Mwandishi hamcheki kwa lolote kati ya hayo mawili. Sehemu ya pili ina mahubiri marefu mno, nilisinzia nikajichoma sindano, na daktari mkuu pale hospitali anaongea kama tangazo la redio. Lakini mapenzi yake, jamani. Watu wawili wanasubiri mvua ipite chini ya paa la duka la dawa, hawashikani hata mkono, nami nilikuwa natafuta leso.

Jumamosi zile karakana ilikuwa inanoga. Wewe ulimng'ang'ania Silas. "Ndiye huyo! Si anazijuaga nyaya zote za nyumba yake?" Mimi nilimshuku kila mtu, hadi mchungaji wa kitabuni. Nilisema, "Mbona huyu mzee anakohoa kila akilifikia jina la Yona?" Ulicheka mpaka ukaangusha kibati cha pini, tukainama wote kuokota. Gadi alikuwa amesimama mlangoni, akasema, "Nyie wanawake mtarukwa na akili kwa makaratasi." Yeye hasomi. Anajivunia kabisa kutosoma. Nasi tukamwonea huruma.

Halafu ulipofika katikati ya sehemu ya tatu ukanyamaza. Nilidhani ni homa ya harusi. Jina lako na la Gadi yalikuwa yameshasomwa mara moja, ibada ya kwanza, ile ya alfajiri. Mshono wa gauni lako tulikuwa tumeshauchagua. Ukaniuliza huku ukiangalia chini, "Wifi, mbona kaka yako Jumamosi hanaga njaa?"

Nikakwambia amekula Chanika. Si anakwenda kuangalia kiwanja chake? Nani hana kiwanja Chanika siku hizi? Anakula na mafundi, anarudi ameshiba.

"Na mbona alimwomba mzee wa kanisa tutangazwe ibada ya kwanza tu?"

"Kwa sababu anaamka mapema," nikasema, nikavuta uzi nikaukata kwa meno.

Hukuuliza tena. Baada ya tangazo la pili ulikuja karakana, ukaniwekea sehemu ya tatu mezani, ukanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida. Nilikuuliza kuna nini. Ulisema maneno mawili tu, "Nimesoma nikaogopa." Kesho yake pete ilikuwa kwa mshenga na wewe ulikuwa njiani.

Walikucheka, Tumaini. Sitakuficha. Mtaa mzima ulisema msichana wa Songea kavunja uchumba kwa ajili ya riwaya. Mama yetu alipiga simu kutoka Same akilia, akasema mwanangu kaaibishwa. Na mimi nilipopandisha mkono kwenye rafu na kukuta sehemu ya nne haipo, niliapa kwamba umeichukua wewe. Nilisema umetuvunjia harusi na kutuibia na mwisho wa hadithi juu yake. Nilimshuku Mama Lulu kwa siku kadhaa, nikawashuku wateja wawili, halafu nikarudi kwako. Mtu pekee ambaye hakunijia akilini ni yule asiyesoma.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Gadi amechumbia tena. Binti anaitwa Happy, anaimba sauti ya pili, ndiyo kwanza amemaliza chuo, anacheka hata akiwa anapimwa mabega. Gauni lake ninalishona mimi. Tangazo la kwanza limepita, la pili limepita, yote ibada ya alfajiri. Kesho ni la tatu.

Wiki chache zilizopita nilipata kazi ya sare za kwaya ya akina mama wa kanisa moja dogo Chanika. Siku ya kupeleka, zote ziliwakaa vizuri isipokuwa ya mama mmoja mjamzito, ambaye tumbo lilikuwa limekimbia kuliko vipimo vyangu. Wenzake wakaniambia kwake ni hapo tu, nikaachilie mshono wa kiunoni huko huko, nguo ipate nafasi, naye apumzike. Wanamwita Mama Glory. Nyumba mpya, haijapigwa plasta, ina bustani ya mchicha na matembele yaliyotunzwa. Alinipa chai na mihogo ya kuchemsha. Mtoto wake wa kike akaja kunisalimia, "Shikamoo," nikamwangalia paji la uso, nikahisi nimeliona mahali. Nikajiambia niache mambo yangu.

Kisha nikaona kilichokuwa chini ya kikombe changu. Alikuwa amekiweka hapo ili kikombe kisiunguze kitambaa cha meza. Karatasi ya mfuko wa saruji. Namba nne, kwa mwandiko wa Mama Lulu.

Nilikinyanyua kikombe taratibu. Nikauliza kama mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Dada, hiki umekipata wapi?"

"Aa, hicho kaniletea Baba Glory. Yeye hasomagi kabisa, ila anajua mie kwa riwaya ndo ugonjwa wangu. Alikikuta sehemu huko mjini. Nimekisoma hadi kimechakaa, dada, lakini ni mwisho tu! Najua nani alikuwa anafungua lile dirisha, ila sijui lilianza kufunguliwa lini. Sijui hata huyo Atupele na Yona walikutanaje. Unakijua?"

Nikasema nakijua mwanzo. Akaanza kunisimulia mwisho pale pale, nikamwekea mkono mdomoni kwa nguvu hadi akashtuka, tukacheka wote wawili. Nilicheka, wifi, nakwambia ukweli, huku macho yangu yakiwa kwenye ile namba nne.

"Na Baba Glory yuko wapi leo?"

"Mjini. Anakujaga Jumamosi asubuhi, jioni anaondoka. Jumapili ana zamu ya mlango kanisani kwao, hawezi kulala."

Gadi hana zamu ya mlango. Hajawahi kuwa nayo.

Nikatoka uani nikisema nakagua rangi ya uzi kwenye mwanga. Nguo zilikuwa zimeanikwa. Kati ya vinguo vya mtoto lilikuwepo shati la kitenge, lile la majani ya kijani na ndege wa njano. Unalijua. Nililishona kwa kitambaa kimoja na gauni lako kwa ajili ya picha zenu za uchumba. Kola niliigeuza mara mbili kwa sababu Gadi shingo yake inakula kola. Nikalishika, nikapitisha kidole ndani ya kola, na mshono wangu ulikuwa pale. Nilisimama nimelishika hadi Mama Glory akaniita kutoka mlangoni kuuliza kama uzi umefanana.

Nikasema umefanana.

Sikumwambia kitu. Ningesemaje? Tumbo lile, mihogo ile, na mimi mgeni niliyekuja na tepu shingoni. Nilimwachilia kiuno, nikamwomba aniazime sehemu ya nne, nikamwahidi nitamrudishia na nyingine tatu juu yake. Alifurahi kama mtoto.

Jumamosi iliyofuata, aliporudi jioni, nilimkabili kaka yangu. Nilimsalimia kama ilivyo desturi, nikamwekea chakula. Kama kila Jumamosi, akasema hana njaa.

"Kaka, Chanika una nini?"

"Kiwanja."

"Kiwanja chako kinaanza chekechea mwakani?"

Alinitazama. Nilitegemea atakana, au atalia, au atanipiga kofi. Hakufanya hata moja. Alisema polepole, kama anayenionea huruma, "Wewe na vitabu vyako mmeshanivunjia harusi moja. Mama ana presha. Ukivunja ya pili akaanguka, utaniambia nani kamuua." Akachukua funguo zake akatoka. Hakusema ni uongo. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko yote, kwamba hakuona hata haja ya kunidanganya, kwa kuwa alijua mimi ni dada yake.

Nilikwenda kwa Happy na gauni lake nusu, nikitafuta mwanzo wa maneno. Akaniambia kabla sijakaa, "Gadi kanitahadharisha, wifi. Kasema utakuja na maneno ya Chanika, kwamba hutakagi aoe." Alisema bila ubaya, akanishika mkono, akasema anaomba kwa ajili yangu. Nikaenda kwa mchungaji. Yeye alinisikiliza, hilo sitamnyima, lakini akasema pingamizi hutolewa mbele ya watu na mwenye ushahidi, na shati la kitenge kila mtu analo. Akanisihi nisiwe mtu wa kushuku sana. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni. Safari hii nilirudi nyumbani nikalia, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa natamani sana niwe nimekosea.

Nilisoma sehemu ya nne asubuhi iliyofuata, mlango umefungwa, cherehani kimya. Wasomaji wenzangu, sisemi ni nani. Sheria yetu bado inasimama. Yona, Silas, mchungaji na kikohozi chake, nawaachia wote. Nasema tu kwamba kuna ukurasa ambapo Atupele yupo ndani ya kanisa na swali limeshaulizwa, na kimya kimekuwa kirefu, naye anasikia benchi nyuma yake linalia, mtu anainuka. Nilikifunga kitabu pale nikatembea chumbani kidogo ndipo nikaendelea. Kisomeni. Msiruke mahubiri ya sehemu ya pili kama nilivyotaka kuruka mimi, kuna neno moja mle utalihitaji mbele. Muwape mabinti zenu kabla majina yao hayajasomwa. Na akitokea mtu akawaambia kwamba mwenye imani hashuku, mwambieni Atupele aliomba kila siku na komeo hakuliacha wazi.

Kisha nikazifunga sehemu zote nne kwa utepe wa bitana, nikampa mama mmoja wa kwaya ya Chanika aliyekuja kumalizia malipo ya sare, ampelekee Mama Glory. Sikuweka barua ndani. Nilijiambia, kama hatapiga simu, nitasimama mwenyewe kesho na mshono wangu, wanicheke walivyokucheka wewe. Nimeshajua viatu nitakavyovaa.

Nimekuwa nikifikiri juu yako kila nikikanyaga cherehani. Wewe ulikuwa na mwanzo bila mwisho, na ulijua. Ulisoma robo tatu ya kitabu na robo tatu ya mtu, ukaondoka kabla hawajakuuliza ushahidi. Mimi mwenye sifa ya kushuku nilikuwa naishi naye ua mmoja. Nimekukumbuka, Tumaini. Nimekukumbuka kwa hasira kwanza, sasa kwa upendo, na karakana bila kicheko chako ni chumba cha kushonea tu. Ukiona barua hii, usirudi kwa ajili ya kaka yangu. Rudi usome mwisho.

Nilikuwa nimefika hapa, nikiwa na gauni la Happy mapajani, simu ikaita. Namba siijui. Nikanyamaza kwanza, kama kawaida yangu, nimsikie anayepiga.

"Nimezimaliza zote," alisema Mama Glory. Sauti yake haikuwa ya mtu anayelia. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Yona Jumamosi hanaga njaa. Nimesoma hapo mara tatu. Huku kwangu anakulaga sahani mbili."

Nilichomoa sindano kwenye gauni la Happy.

"Namba yako ipo kwenye majalada. Na siku ile nilikuona ulivyolishika lile shati. Fundi hashikagi hivyo nguo ya mtu baki. Na aliyeniletea vitabu kasema unashona gauni la mchumba wa kaka yako, tangazo la tatu ni kesho, ibada ya kwanza." Nikasikia mtoto akimwuliza kitu, naye akimjibu kwa upole aende akaoge. Kisha akarudi kwangu.

"Wifi, hiyo ibada ya kwanza inaanza saa ngapi?"

Nimemwambia saa. Nimemwambia nitamwekea nafasi kando yangu, benchi la mbele, na kwamba swali likiulizwa akishindwa kuinuka kwa uzito wa tumbo, nitamshika mkono tuinuke pamoja. Gauni la Happy nimelirudisha kwenye hanga. Pindo sijalipinda, wala sitalipinda.

Kaa salama huko Songea, na ufunge mlango vizuri.

Ni mimi,
wifi yako wa Chang'ombe, ambaye sasa ni wifi wa wawili.